Maji yaliyonaswa ndani ya bodi la boti na waranti inayomwacha mvuvi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililokigharimu kikundi chetu cha wavuvi karibu msimu mzima wa kazi, ambalo naamini linawahusu wengi wanaohama kutoka kwenye vyombo vya mbao kwenda kwenye boti za faiba. Nazungumzia maji yanayonaswa ndani ya bodi la boti, mahali ambapo jicho halifiki wala mkono hauingii, na nazungumzia waranti, yaani dhamana ya muuzaji, ambayo ilionekana nzuri siku ya kununua lakini ikamwacha mnunuzi pale pale palipokuwa na hatari kubwa kuliko zote.

Kikundi chetu kina wanachama 14 na makao yake ni hapa Kilwa Masoko. Kwa akiba ya miaka minne pamoja na mkopo ambao bado tunaulipa, tulinunua boti ya faiba yenye urefu wa mita 9, bodi peke yake likitugharimu shilingi milioni 27, na mashine tukaitafuta kwa mfuko mwingine. Tulikabidhiwa mwezi Desemba, kaskazi ikiwa imeanza, pamoja na karatasi ya waranti ya miezi 24. Mimi ndiye katibu wa kikundi na ndiye niliyeitia saini karatasi hiyo, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayaandika nikijua kwamba wenzangu walinitegemea niisome vizuri kuliko nilivyoisoma.

Mtu aliyekulia kwenye mashua anajua kwamba maji kuingia chomboni si habari ya kushtua. Mbao hukauka na kuvimba, kalafati, yaani pamba ya kuzibia, hulegea kwenye mishono, na kila alfajiri kabla ya kutweka lazima mmoja ashike upo achote maji ya ngama, yaani yaliyojikusanya chini kabisa ndani ya chombo. Maji hayo ni usumbufu, lakini pia humpa nahodha taarifa kila siku, kwani yakizidi kipimo cha jana anajua kuna mshono ulioachia, na chombo kitapandishwa pwani maji yakipwa, kitatiwa kalafati upya, kitapakwa mafuta ya samaki (sifa) na mchanganyiko wa chokaa na mafuta (deheni), kisha kitarudi kazini. Hakuna anayeuliza dhamana iko wapi, kwa sababu ugonjwa unaonekana, fundi yupo kijijini, na dawa yake inajulikana tangu enzi za mababu.

Boti ya aina tuliyonunua imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Ina bodi la nje, na juu yake ina sakafu ambayo wavuvi husimama. Kati ya viwili hivyo kuna vyumba vilivyozibwa pande zote na kujazwa povu gumu la poliurethani. Povu hilo limewekwa kwa sababu njema, nami sitaki msomaji adhani kwamba nalilaumu. Mita moja ya ujazo ya povu kavu huwa na uzito wa takriban kilo 30 hadi 40 tu, lakini ikizamishwa baharini ina uwezo wa kubeba karibu kilo 1,000. Maana yake ni kwamba wimbi likiijaza boti, au ikipasuliwa na mwamba, chombo hakitakwenda chini bali kitabaki kikielea kimejaa maji, na waliomo watapata cha kushikilia mpaka msaada ufike. Kwa sisi tunaovua nje ya kisiwa cha Songosongo, ambako pakichafuka hakuna wa kukufikia upesi, vyumba hivyo ni roho za watu.

Sasa tuseme maji yameingia humo. Povu la namna hii lina vijishimo vingi vilivyofungwa, kila kimoja peke yake, na likiwa jipya halinywi maji kwa haraka. Lakini vijishimo vilivyokatwa au kupondwa hubaki wazi, na povu likikaa ndani ya maji mwezi baada ya mwezi, huku boti ikipigwa na mawimbi, taratibu hunywa na kushika. Likishayashika haliyaachii kwa kuinamisha boti wala kwa kuianika siku mbili mchangani. Hapo mambo mabaya huja pamoja: chombo kinakuwa kizito kabla hakijapakia hata kamba moja, ukingo wake unakaribia usawa wa maji, mbao za plaiwudi zilizofichwa ndani ya faiba, hasa pale tezini, yaani nyuma, inapofungwa mashine, zinaanza kuoza, na lile povu lililowekwa kuokoa maisha linapoteza uwezo wa kuelea. Nahodha hana habari yoyote, kwa kuwa ngama anayoiona juu ya sakafu ni kavu.

Kwetu ishara ya kwanza ilikuwa petroli. Safari ya kwenda kwenye maeneo yetu na kurudi ilikuwa ikitumia lita 35 tulipoanza. Kufikia mwezi Agosti ikawa lita 40, na Februari iliyofuata ikapanda hadi 48. Tulilaumu mashine. Tulibadilisha plagi, tukasafisha kabureta, tukanunua panga jipya la mashine la kusukumia boti, na fedha hizo zote zilikwenda bure. Ishara ya pili tuliiona bila kuielewa, kwamba boti iliyokuwa ikisukumwa na watu wanane hadi kwenye kivuli cha miti ya mikungu ilihitaji watu kumi na wawili, halafu ikawa haipandi kabisa bila magogo. Vijana walisema mchanga umekuwa laini.

Aliyetufumbua macho ni fundi mzee wa majahazi, ambaye hajawahi kujenga chombo cha faiba maishani mwake. Katika maji ya bamvua ya mwezi Machi, boti ikiwa imelala juu ya mchanga, alipita akiigonga kwa nyundo ya mti kutoka omo (mbele) hadi tezi, kama anavyogonga taruma, yaani mbavu za chombo, kutafuta mbao iliyooza. Sehemu za juu zilitoa mlio mkali na mkavu. Alipofika chini ya sakafu mlio ukawa mzito, uliokufa, kama mtu anayegonga gunia la mchanga. Akasema humu mna maji. Tulibisha, kwa kuwa vyumba vile tuliambiwa vimezibwa, na kitu kilichozibwa, kwa akili zetu, hakiwezi kuingiwa. Baada ya kushauriana, tulitoboa tundu dogo la milimita 6 mahali pa chini kabisa pa sakafu, karibu na tezi. Maji yalianza kutoka yakiwa na rangi ya kahawia, na hayakukatika mpaka siku ya pili jioni. Tuliyapima kwa ndoo za lita 20 nasi tukahesabu ndoo 17. Hizo ni lita 340, na kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na ushee kidogo, tulikuwa tukibeba karibu kilo 350 kila siku, sawa na watu wazima watano waliolala chini ya miguu yetu, na hayo ni maji yaliyokubali kutoka tu. Tulipokata kipande cha povu chenye sentimita 10 kila upande na kukiweka kwenye mizani ya dukani, kilikuwa na gramu 600, wakati kipande cha namna hiyo kikiwa kikavu hakipaswi kuzidi gramu 40.

Tulimwandikia muuzaji siku ile ile. Ilikuwa mwezi wa kumi na tano kati ya miezi 24 ya waranti, na tuliamini kwamba jambo limekwisha.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Lilisema kwamba waranti inahusu kasoro za utengenezaji wa bodi, lakini haihusu uharibifu utokanao na maji kuingia. Kwamba kwa kutoboa sakafu bila fundi aliyeidhinishwa tumeivunja waranti sisi wenyewe. Na kwamba, kwa vyovyote, kifungu cha mwisho cha karatasi kinaondoa vyombo vinavyotumika kwa biashara. Sitalitaja jina la muuzaji huyo, kwa kuwa shauri letu bado liko mezani na kwa kuwa, baada ya kuzungumza na wavuvi wa sehemu nyingine, nimetambua kwamba karatasi za aina hii zinafanana mno, na tatizo si la mtu mmoja.

Kifungu cha biashara ndicho kilichoniuma zaidi. Boti iliyoandikwa kwenye ankara kuwa ni boti ya uvuvi, iliyowekewa sehemu ya kuhifadhi nyavu na barafu, iliyouzwa kwa kikundi cha wavuvi kilichoandikishwa kwa jina hilo, inawezaje kuwa na dhamana inayokufa pindi inapotumika kuvulia samaki? Nadhani maneno hayo yalinakiliwa kutoka kwenye karatasi za boti za starehe, ambazo mwenyewe hutoka nazo mwisho wa wiki na kuzirudisha kwenye banda, na hakuna aliyekaa kufikiria mnunuzi wa hapa ni nani. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tangu zamani inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi lipo sharti, hata kama halikuandikwa, kwamba bidhaa iwe inafaa kwa kazi ile. Sisi tulieleza kazi yetu kwa maneno na kwa maandishi. Karatasi inayosema kinyume cha ankara yake yenyewe haipaswi kuwa ngao ya mtu yeyote.

Hoja ya kutoboa tundu inahitaji kujibiwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu kwa upande mmoja naielewa. Mtengenezaji hawezi kubeba makosa ya kila fundi wa mtaani anayechezea bodi, na mtu akitoboa ovyo anaweza kweli kuleta uvujaji ambao haukuwepo. Lakini tundu letu lilitobolewa kwenye sakafu wakati boti iko nchi kavu, baada ya dalili za miezi saba, na maji yaliyotoka hayakuingia kwa tundu hilo, kwani yalitoka humo. Zaidi ya hapo, boti yenyewe haikuwa na njia nyingine ya kuangalia ndani. Hakuna chumba hata kimoja kilichokuwa na mfuniko wa ukaguzi. Kizibo cha tezini kilikuwa kinatoa maji ya juu ya sakafu tu, wala hakikuwa na uhusiano na vyumba vya chini. Ukimuuzia mtu sanduku lisilofunguka, kisha ukamwambia kwamba akilifungua kuangalia kilichoharibika dhamana imekufa, umempa dhamana ambayo hawezi kuidai kwa njia yoyote, kwa sababu ushahidi umefungiwa ndani.

Hoja ya maji kuingia nayo ina mantiki yake pale ambapo maji yameingia kwa uzembe wa mwenye chombo. Nami lazima niseme ukweli wetu. Mwezi wa tatu tangu tupewe boti, tulifunga sanduku la barafu katikati ya sakafu kwa skrubu nane, na hatukuziba matundu yake kwa dawa yoyote isipokuwa rangi. Lilikuwa kosa. Kila skrubu inayopita kwenye sakafu ya boti ya namna hii ni mlango, na maji ya chumvi, damu ya samaki na barafu iliyoyeyuka vilikuwa vikisimama juu yake kutwa nzima. Kama muuzaji angetuambia kwamba chumba cha katikati kilijaa kwa sababu ya skrubu zetu, tungeinamisha vichwa na kukubali fungu letu.

Isipokuwa tulipokata sakafu mwezi Mei, kwa ruhusa ya maandishi ya muuzaji mwenyewe na mbele ya mwakilishi wake, tulikuta chumba cha mbele, ambacho hatujawahi kukigusa hata kwa msumari, kimelowa sawa na cha katikati. Tena tuliona maji yalipopita. Pale sakafu inapokutana na bodi upande wa kushoto, faiba ilikuwa imelazwa juu ya povu bila kushikana na bodi, na pengo lililobaki liliweza kupitisha ncha ya kisu kwa urefu wa zaidi ya nusu mita. Bomba dogo linalopitisha waya kutoka omo kwenda tezi lilikuwa limepenyezwa kwenye kuta za vyumba na kuachwa hivyo hivyo, bila resini (gundi ya faiba) kuzunguka, kiasi kwamba maji yaliyoingia chumba kimoja yalikuwa na njia ya kwenda vyote. Kingo za plaiwudi ya tezi zilikuwa mbichi, hazikupakwa kitu. Hizo ni kazi zinazofanywa kabla boti haijafungwa, wakati ambapo mnunuzi hayupo na hata akiwepo hajui la kutazama. Mwakilishi aliyaona, akapiga picha, akasema atatoa taarifa. Tangu hapo barua zetu tatu hazijajibiwa.

Tatizo la boti za faiba zilizojengwa kwa haraka na kuwafikia wavuvi wasiokuwa na sauti halikuanzia Kilwa. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, boti nyingi mpya zilijengwa na kugawiwa kwa nia njema huko Aceh nchini Indonesia na pwani za Sri Lanka, na haikupita muda mrefu Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa onyo kwamba nyingi kati yake zilijengwa chini ya kiwango na zilikuwa hatari kwa wale wale waliokusudiwa kusaidiwa. Baadaye shirika hilo lilifundisha mafundi na kuandaa miongozo ya ujenzi wa boti ndogo. Nalitaja jambo hilo kwa sababu nchi yetu nayo imo katika wimbi la boti za faiba, bara na visiwani, baharini na kwenye maziwa, na mikopo ya vyombo hivyo inatolewa kwa vikundi kama chetu. Nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Mbao nzuri za kujengea zimekuwa adimu na ghali, na boti ya faiba iliyojengwa vizuri ikatunzwa vizuri hudumu kwa miongo. Ndiyo maana nataka zijengwe vizuri.

Ombi langu la kwanza ni kwa watengenezaji, na ni dogo kwa gharama. Kila chumba kilichozibwa kiwe na mfuniko wa ukaguzi unaofunguka kwa mkono na kufunga bila kupitisha maji, na mahali pake pa chini kabisa pawe na kizibo cha kutolea maji boti inapokuwa nchi kavu. Vitu hivyo viwili vingetuwezesha kugundua tatizo letu mwezi wa pili, wakati maji yakiwa ndoo mbili, povu likiwa bado zima na dawa yake ikiwa ni kopo moja la resini na siku mbili za kazi. Nimeambiwa na fundi mmoja wa faiba kwamba wateja hawaviombi. Ni kweli hatukuviomba, kwa kuwa hatukujua. Aliyejua ni mjenzi.

La pili ni kuhusu maandishi ya waranti yenyewe. Kasoro iliyofichwa ndani ya chumba kilichozibwa haiwezi kuhesabiwa sawa na mkwaruzo wa rangi unaoonekana siku ya makabidhiano. Karatasi iseme wazi kwamba uzibaji wa vyumba na hali ya povu vimo ndani ya dhamana. Iseme kwamba ni juu ya muuzaji kuonyesha kuwa maji yaliingia kwa kosa la mwenye chombo, kwa sababu yeye ndiye anayejua vyumba vilifungwaje. Iseme nani anasafirisha boti ya mita 9 kwa takriban kilomita 300 kwenda Dar es Salaam ikitakiwa kiwandani, kwani gharama hiyo peke yake inatosha kumkatisha tamaa mdai. Na iandikwe kwa Kiswahili. Yetu ilikuwa kwa Kiingereza, kurasa nne, maandishi madogo. Nilikielewa kichwa cha habari na tarehe.

Kwa mamlaka zinazohusika, nalielekeza neno langu kwa heshima. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lina jukumu la usalama wa vyombo vya majini upande wa bara, na wakaguzi wake huangalia maboya ya kuokolea, taa na uwezo wa kubeba. Naomba ukaguzi wa boti mpya zenye vyumba vilivyozibwa ufanyike angalau mara moja kabla sakafu haijafungwa, kwa kuwa baada ya hapo mkaguzi naye ataona kile tulichokiona sisi, yaani sakafu safi inayong'aa. Shirika la Viwango Tanzania lingeweza kusaidia kwa kuweka sharti la mifuniko na vizibo. Nayo Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yenye vipengele vya kumlinda mlaji, itueleze kwa lugha nyepesi kama kikundi cha wavuvi wanaonunua chombo cha kazi kinahesabiwa kuwa mlaji anayestahili ulinzi huo, au kama kwa sababu tunauza samaki tumewekwa fungu moja na makampuni makubwa yenye mawakili. Benki na taasisi zinazokopesha zina maslahi yao pia: boti iliyojaa maji hailipi mkopo, na sharti lao moja tu kuhusu waranti lingesikika upesi kuliko barua zetu kumi.

Na kwa wavuvi wenzangu wenye boti za aina hii, naomba msisubiri barua hii izae matunda. Siku mnapokabidhiwa chombo, kiwekeni majini kikiwa kitupu, na mashine yake tu, bahari ikiwa shwari, kisha muweke alama ya rangi isiyofutika mahali maji yanapofika, omo na tezi, kila upande. Pigeni picha, muuzaji aitie saini. Kila miezi mitatu kirudisheni katika hali ile ile. Alama ikizama, hakuna haja ya kumlaumu fundi wa mashine. Kigongeni kwa nyundo ya mti kikiwa kipya ili masikio yajue mlio wake wa uzima. Mkishuku unyevu ndani ya faiba, bandikeni kipande cha nailoni nyeupe inayoonyesha upande wa pili, kwa utepe wa gundi pande zote nne, juu ya sehemu iliyokauka kwa nje, mkiache usiku kucha kivulini. Asubuhi mkikuta matone chini ya nailoni, unyevu unatoka ndani. Msifunge kitu chochote kwa skrubu kwenye sakafu bila kujaza tundu kwa dawa ya kuzibia inayofaa baharini. Na kabla ya kutoboa chochote, mwandikieni muuzaji, mpeni siku maalumu za kujibu, mtunze nakala. Sisi tulitoboa kwanza tukaandika baadaye, na mpangilio huo ulimpa mtu hoja ambayo hakustahili kuwa nayo.

Pia msikubali kirahisi shauri la kumimina povu jipya juu ya la zamani au kupaka resini juu ya pengo na kurudi kazini. Resini haishiki juu ya kitu kilicholowa, na povu lililokwisha kunywa maji halirudi kuwa la kuokolea mtu. Sisi tumelazimika kukwangua vyumba vyote hadi kwenye bodi, kuosha kwa maji yasiyo ya chumvi ili kuondoa chumvi, na kuacha wazi chini ya kibanda cha makuti kwa wiki tisa. Kwa bahati upepo wa kusi umetusaidia kukausha, ingawa ni upepo huo huo ambao tungekuwa tukijipangia namna ya kuvua nao.

Tezi imekatwa na kujengwa upya kwa plaiwudi ambayo kingo zake zimenyweshwa resini kabla ya kufunikwa. Kuta za vyumba zimezibwa kuzunguka bomba. Tumenunua mifuniko mitatu ya ukaguzi na vizibo vitatu vya shaba kwa fedha zetu, na povu jipya limeagizwa. Hesabu yote mpaka leo imefika shilingi milioni 6 na laki 4, mbali na marejesho ya mkopo ambayo hayakungoja boti ipone, na mbali na siku ambazo wanachama wanne wenye familia wamekwenda kuwa vibarua katika vyombo vya watu. Risiti zote ninazo, pamoja na picha za chumba cha mbele na ule ukurasa wa ankara uliochapwa maneno "boti ya uvuvi". Nakala zake nimezipeleka kwa muuzaji kwa mara ya nne, na safari hii nimempa siku 21.

Katibu wa kikundi cha wavuvi,
Kilwa Masoko, Lindi